Mshumaa wa Falk

Haya yalimpata rafiki yangu Gesine, msomi wa migodi asiye na kazi kama mimi. Tulipohitimu, migodi ilikuwa imeshafungwa, na shahada zetu hazinunui hata soseji.

Kwetu milimani Saksonia, kila Krismasi dirishani huwekwa sanamu ya mbao ya malaika kwa kila binti wa nyumba, na ya mchimbaji madini kwa kila mwana, zote zimeshika mishumaa. Falk, kaka yake Gesine, alifukiwa mgodini zamani, lakini mama yao bado hutaka wake uwashwe.

Jioni ya mkesha wa Krismasi mama alimtuma Gesine sokoni akanunue mshumaa wa Falk. "Usirudi mikono mitupu, msomi wangu."

Soko la Krismasi lilijaa vicheko vya walioshiba. Gesine akayapita mabanda ya mishumaa makusudi. Alichoka kumwona mama akimngoja maiti.

Aliporudi nyumbani, ukumbini alikuta giza. Chini ya sakafu kitu kiligonga, kikanyamaza.

"Mama, mishumaa imeisha sokoni."

"Usijali, mwanangu. Kaka yako ameleta."

Mama, ambaye vidole vyake havishiki hata njiti ya kiberiti, alikuwa kitandani chumbani mwake. Dirishani mshumaa wa mchimbaji uliwaka, ukiwa na alama za vidole vyenye tope bichi.