Biri za Jumatatu za Shangazi Tomasa

Jumatatu ile Evelio Armenteros alirudi nyumbani saa nne asubuhi akaikuta biri ya marehemu imefunguliwa. Haikuwa imeungua, wala panya hakuigusa. Biri, ile sigara nene ya majani matupu ya tumbaku, ilikuwa mezani mbele ya glasi ya maji, imefunguliwa jani kwa jani, na kila kitu kimepangwa peke yake: huku jani la nje, huku vumbi la tumbaku lililofagiwa sakafuni, na huku vipande vya jani kavu la mgomba. Ndivyo mkaguzi wa kiwandani anavyoifungua biri anayoitilia shaka.

Akamuuliza mkewe, Damaris, nani kaingia. Damaris alikuwa anamenya magimbi mlangoni, na alimjibu bila kuinua kichwa kwamba hajapita mtu, na kwamba meza ya wafu haichezewi. Evelio akazoa vile vipande haraka, akavitia mfukoni kabla mkewe hajaviona. Hapo ndipo kifua kilipombana kwa mara ya kwanza, kidogo tu.

Sasa nikwambie alichokifanya, maana mtu huyu simwonei huruma na wewe usije ukamwonea.

Chumba walichokaa yeye na Damaris, mtaa wa Jesús Peregrino, kilikuwa cha shangazi yake, Tomasa, dada wa baba yake. Ndiye aliyemlea. Alisokota biri kiwandani miaka arobaini na moja, na katika miaka yote hiyo haikurudishwa hata moja kwamba imeziba. Biri ikijazwa vibaya haivutiki. Unavuta mpaka mashavu yanagusana, moshi hauji. Kwa msokotaji hiyo ni aibu kuliko kukutwa uchi sokoni. Alipougua, binamu yake alimletea majani mazuri kutoka mashamba ya San Juan y Martínez, naye akakaa kitandani na ubao magotini, na kile kisu chake cha nusu mwezi, akasokota biri ishirini na nne. Akazitia kwenye sanduku la mwerezi na kumwita Evelio.

"Chumba nakuachia," alimwambia. "Nami nikifa, kila Jumatatu uniwashie moja, unipulizie moshi mara tatu, uiache iungue. Zikiisha, nimeshafika niendako. Lakini mwanangu, usije ukanipa takataka. Nitajua."

Evelio akabusu msalaba, akaapa. Mjini Havana hata mlevi hamnyimi maiti wake moshi. Maji, kahawa chungu na biri, hiyo ni haki ya kila marehemu aliyeacha watu nyuma.

Basi, Jumatatu mbili aliwasha. Ya tatu haikufika. Kazi yake Evelio ilikuwa kuwatafutia wageni biri. Anasimama kona, ananong'ona, anawapeleka kwenye chumba cha giza, anawauzia jani la mgomba lililofunikwa kwa jani moja la tumbaku na kubandikwa kwa uji wa muhogo. Wiki ile alimpata mgeni mwenye pua ya kujua tumbaku. Akazikataa za kwanza, akazikataa za pili, akageuka aondoke. Evelio akalikumbuka sanduku la mwerezi. Akauza zote ishirini na mbili, akanunua pikipiki ya umeme, na ndani ya sanduku akapanga za kwake za mgomba. Alijiambia maiti hana pua. Mjinga yule, alimpa msokotaji wa miaka arobaini na moja biri ya kuziba! Ya kwanza aliiweka mezani bila kuiwasha, na ndiyo ile aliyoikuta imefunguliwa.

Jumatatu iliyofuata aliwasha nyingine huku anacheka kichinichini ili ajipe moyo. Haikushika moto. Akavuta, ikakataa. Akavuta kwa nguvu, na akiwa bado anavuta akasikia ubaoni, pale kwenye ubao wa Tomasa uliosimamishwa ukutani, tak, tak, tak, mlio wa kisu kikigongwa bapa. Wasokotaji hugonga hivyo pamoja wanapofurahishwa na jambo kiwandani. Lakini huu ulikuwa mmoja, wa taratibu, na haukuwa na furaha ndani yake. Kisu chenyewe kilikuwa kimening'inia kwenye msumari wake, kinatikisika.

Harufu ikaja siku ya pili, harufu ya jani la mgomba linaloungua, ikaingia kwenye kahawa, ikaingia kwenye wali na maharagwe, ikaingia hata kwenye nywele za Damaris, ambaye yeye hakunusa kitu. Na pumzi, jamani, pumzi ikawa inapungua. Kila Jumatatu ilipoingia alijisikia kama kuna vidole ndani ya kifua chake, vidole vyepesi vya mtu anayeijua kazi, vinachukua kipande, vinakisukuma mahali pake, vinabana, vinachukua kingine, vinabana tena, bila haraka na bila hasira, mpaka ikawa akipanda ngazi za nyumbani kwake anasimama kila daraja la tatu, ameshika ukuta, mdomo wazi, mashavu yameingia ndani, anavuta, anavuta, na hewa imejaa mtaa mzima lakini yeye haimfikii.

Daktari alimpima mapafu akasema ni mazima. Ndipo Damaris akamwita mama yake wa ubatizo, Mama Ofelia, mwanamke anayeongea na wafu kama mimi na wewe tunavyoongea na jirani. Mama Ofelia alikaa mbele ya glasi. Maji yakaanza kugeuka rangi, polepole, yakawa ya kahawia kama maji yaliyolowekwa tumbaku. Akamwambia Damaris atoke nje kidogo.

"Umempa nini huyu mama?" akauliza kwa sauti ya chini.

Evelio alinong'ona yote. Mama Ofelia akaifunika ile glasi kwa kiganja.

"Anakusokota," alisema. "Umempa ya kuziba, naye anakuziba. Tafuta biri moja ya kweli, moja tu, iliyosokotwa na mkono unaojua, umpe na umwombe radhi. Na isiwe ya wizi, Evelio. Huyu kishaibiwa mara moja."

"Na akikataa?"

"Hajakataa bado. Ameniambia hana haraka. Hilo ndilo linaloniogopesha."

Basi mtafutaji wa biri akaingia mjini kutafuta biri. Dukani alikuta makabati ya kioo matupu, na muuzaji akamwambia arudi baada ya wiki mbili. Akaenda kusimama nje ya kiwanda cha Tomasa. Kila msokotaji hutoka na biri zake chache za siku, za kuvuta mwenyewe, na Evelio alijua kwamba moja ya hizo ingemwokoa. Lakini wanawake wale walimjua. Mmoja alimtazama juu mpaka chini, akawauliza wenzake kama wamesikia, Evelio wa mgomba anatafuta biri nzuri! Wakacheka mpaka kona, na hakuna aliyefungua mkoba. Mwishowe mchuuzi mwenzake wa bandarini akamletea sanduku lenye lakiri na muhuri, akamwapia kwa macho ya mama yake. Evelio akamwachia pikipiki. Alipofungua, harufu ya uji wa muhogo ikampiga usoni. Zilikuwa zake mwenyewe, alizozibandika kwa mikono yake. Mtego wa panya, Waswahili tunasema, huingia waliomo na wasiokuwamo. Huu aliingia mwenyewe aliyeutega. Alikaa ukingoni mwa barabara akajaribu kulia, lakini hata kilio kinataka pumzi.

Akabaki mtu mmoja, Mzee Celestino, aliyekuwa msomaji wa kiwandani, yule anayekaa juu kwenye kiti akiwasomea wasokotaji magazeti na hadithi huku mikono yao inafanya kazi. Sasa macho yamekufa. Alimsomea Tomasa miaka thelathini, na wakisema walipendana sitabisha. Tomasa alimpa biri moja kabla ya kulala kitandani kwa ugonjwa, naye akaiweka kwenye bomba la kioo, ndani ya mfuko wa shati, upande wa moyo.

Alhamisi Evelio alijikokota hadi kwake. Alimweleza nusu ya ukweli. Kwamba amekosa biri ya shangazi, kwamba pumzi inakwisha. Yule mzee akapapasa mkono wake akaushika.

"Mwanangu, ungekuja mapema," alisema. "Jumatatu nitakuja mwenyewe. Nitaiwasha mbele ya glasi yake, tutaivuta mimi na yeye, nami nitamwomba akuachie. Hajawahi kuninyima neno."

Unaona? Wokovu ulikuwa mkononi mwake, wa kupewa kwa ridhaa, siku nne tu. Lakini mtu aliyezoea kudanganya haamini ahadi ya mtu mwingine. Mzee alivua shati lake kwa sababu ya joto, akalitundika kitini, akaenda jikoni kwa kupapasa kumpikia mgeni kahawa. Evelio akalifungua lile bomba. Akatoa ya Tomasa, akaingiza ya mgomba iliyokuwa mfukoni mwake, akakaa. Kahawa akainywa yote na kushukuru.

Aliiwasha alasiri ileile, mbele ya glasi ya Tomasa. Moto ukashika mara moja. Moshi ukaja mwingi, mweupe, mtamu, na kifua chake kikafunguka kama dirisha lililokwama mwaka mzima. Alivuta hewa mpaka tumboni. Ijumaa alipanda ngazi mbio. Jumamosi aliimba. Jumapili Damaris alimwambia amewaalika Mzee Celestino na Mama Ofelia kesho yake, waje kumshukuru marehemu pamoja, na Evelio alisema hakuna haja, akasema yeye amepona, akasema mzee atachoka, akasema mengi. Damaris akamjibu kwamba mgeni akishaalikwa hafukuzwi.

Jumatatu saa nne wote walikuwa pale. Mzee alivaa suti yake ya zamani. Akasimama mbele ya glasi akamsalimu Tomasa kwa jina, akatoa biri kwenye bomba, akaipitisha puani, akasita. Evelio alimwona akisita. Damaris akawasha kiberiti. Mzee akavuta, mashavu yakaingia ndani, moshi haukuja, akavuta tena, na redio za majirani zikanyamaza, na maji ya kwenye glasi yakaanza kugeuka kahawia kutoka chini kuja juu, na Evelio akatamani kusema neno lolote, la uongo au la kweli, lakini vile vidole vilikuwa vimesharudi kifuani mwake na safari hii havikuwa taratibu, vilikuwa vidole vya mtu anayemalizia kazi jioni ya mwisho wa juma.

Mzee Celestino alitoa biri mdomoni.

"Mgomba," alisema polepole. "Tomasa, wameniibia wewe."

Kisu kikang'oka msumarini, kikaanguka sakafuni. Kiwandani wanakitupa chini wanapokataa jambo, na kikitupwa hakuna mjadala. Evelio alivuta pumzi kwa mshtuko. Iliingia. Kutoka haikutoka. Alisimama amejaa, macho yametoka, mikono inakuna koo, na Mama Ofelia akamrudisha Damaris nyuma kwa nguvu asimguse.

Daktari aliandika kwamba amekufa kwa moyo. Lakini aliyemwosha alimwita Damaris pembeni, akamwonyesha alichokitoa kooni mwa mumewe: jani la mgomba, kavu, limesokotwa refu na kubanwa, halina mkunjo, halina mshono unaoonekana, na ncha yake imekatwa sawasawa. Alisema hajaona kazi safi kama ile.

Damaris bado anakaa chumba kile. Biri anapewa na wanawake wa kiwandani, za kweli, na kila Jumatatu anawasha moja, na ubaoni husikika tak, tak, tak, ya kuridhika. Hilo halimtishi, anasema, ameshalizoea. Kinachomfanya atoke nje na magimbi yake ni kile kingine, kinachosikika biri ikishaisha na kisu kikinyamaza: kule nyuma ya ubao, chini chini, kuna mtu anajaribu kuvuta pumzi.