Mgeni Ndani ya Bastola

Bastola ilikuwa na joto. Siyo joto la kitu kilichokaa karibu na hita, la. Joto la kwapani, la kitu kilichovuliwa sasa hivi mwilini mwa mtu asiyeoga. Zulfikar aliifungulia juu ya meza ya jikoni, nyuma ya duka lake la Kilburn, ikiwa imeviringishwa kwenye taulo la kitoto lenye picha za bata. Akaishika. Akaiachia haraka, akajifuta kiganja kwenye suruali.

"Mbona inanata?" mkewe, Gulbanu, aliuliza.

"Grisi. Bastola lazima iwe na grisi. Hujui kitu wewe."

"Grisi gani inanuka mdomo?"

Na kweli ilinuka mdomo. Hata Protas aliisikia harufu hiyo, naye alikuwa amesimama mlangoni na katoni ya makopo ya nyanya kifuani. Protas alikuwa mpangaji wao, kijana wa Bukoba mwenye digrii ya uchumi kutoka Mlimani na barua ishirini na saba zinazoanza na We regret to inform you. Alilala chumba cha juu bure, na badala ya kodi alipanga bidhaa kwenye rafu. Serikali ilimsomesha miaka kumi na sita ili aje London kugeuza lebo za makopo zitazame mbele.

"Bwana Zulfi," alisema, "hiyo inanuka kama mtu aliyekula nyama wiki iliyopita na hajasukutua."

"Thank you, Professor. Rudi kwenye nyanya zako."

Desemba ya 1977 ilikuwa imefika, na kioo cha duka kilikwishavunjwa mara tatu na vijana wenye vipara na mabuti. Wiki iliyopita walipenyeza mavi ya binadamu kwenye tundu la barua, na Gulbanu akayakanyaga alfajiri kwa ndara. Polisi alikuja, akakunja pua, akasema, "Just kids, sir," akaondoka bila hata kufuta viatu. Ndipo Zulfikar alipokwenda Cricklewood kwa mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa akiuza vitu vya marehemu baba yake, mtu aliyekaa Afrika tangu enzi za ukoloni hadi miaka ya sitini. Akarudi na bastola na risasi sita, kifua mbele, kama aliyenunua ng'ombe wa mashindano.

Walishuka kuijaribu kwenye ghala chini ya duka. Zulfikar alitia risasi zote sita, akaelekeza mtutu kwenye gunia la dengu zilizooza, akafumba jicho moja.

Ta.

Tena. Ta. Mara sita, ta, ta, ta, kama mtu anayegonga kucha kwenye meno. Risasi haikutoka hata moja. Kilichotoka ni tone la ute wa kahawia, zito, mfano wa usaha wa jipu lililoiva, likateleza kwenye mtutu na kumdondokea kiatuni.

"Nimeuziwa maiti!" Zulfikar alipiga kelele. "Takataka! Chuma cha kusongea ugali! Na sasa nikamshtaki wapi yule mzee? Nimwambie nani, excuse me officer, bastola yangu ya magendo haiui?"

Protas alicheka hadi akaketi kwenye ngazi. Gulbanu hakucheka.

"Hukuifukiza," alisema.

"Nini?"

"Kitu kipya hakiingii nyumbani hivi hivi, baba Nasrin. Nguo hufukizwa, kitanda hufukizwa, hata nyumba hii uliponihamishia niliifukiza ubani kabla hatujaweka sufuria. Hiki umekileta kama kilivyo, kina uchafu wa watu. Nipe."

"Utafukiza bastola?"

"Kwani wewe umeiweza?"

Basi Alhamisi, saa kumi jioni, na London saa kumi jioni Desemba ni giza tupu, Gulbanu alitoa chetezo alichokuja nacho kutoka nyumbani kwao Kiponda, Unguja. Akawasha mkaa kwenye jiko la gesi, akatia ubani na udi kidogo, akaizungusha bastola mle moshini. Binti yao Nasrin, wa miaka minane, alikuwa mezani akifanya homework huku kajiziba pua. "Mum, it's disgusting," alisema. Alikielewa Kiswahili chote, lakini kulitoa neno moja mdomoni mwake ilikuwa kama kumng'oa jino.

Moshi ulipojaa, sauti ikatoka upande wa mlango wa ghala. Sauti ya mwanamume mzee, ya upole, ya Mjini Unguja hasa.

"Hodi. Hodi, wenyewe."

Miaka kumi Gulbanu hakuwa amesikia hodi. London watu hubonyeza kengele au hupiga simu kabla. Ulimi wake ulijibu kabla kichwa hakijafika.

"Karibu! Karibu ndani, pita."

Mlango wa ghala ulifunguka taratibu. Hapakuwa na mtu. Kiti kilichokuwa mkabala na Nasrin kililia, kama kinavyolia kikikaliwa na mtu mnene, na moshi wote wa chetezo ukainama upande ule, ukavutwa, ukaisha.

"Umemkaribisha nani?" Protas alinong'ona.

Gulbanu alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Tangu hapo nyumba ikaharibika. Maziwa yaliganda saa ile ile yaliponunuliwa. Nzi walitokea, nzi wa Desemba, wanene, wakitambaa kwenye vioo kana kwamba ni uani kwa mchinjaji. Mikate ilikutwa na alama za vidole vya grisi. Kile kiti hakikupoa tena. Ukikikalia ulihisi joto la makalio ya mtu mwingine, na ukisimama suruali ilikuwa na unyevu. Zulfikar aliitupa bastola kwenye pipa la taka Ijumaa asubuhi. Mchana akaikuta chini ya ngazi, ndani ya taulo lake la bata, ikiwa na joto zaidi.

Jioni ile Gulbanu alimwekea Nasrin wali. Mtoto alikula vijiko viwili, akasukuma sahani, akasema, "Ahsante, nimeshiba."

Kijiko kilimponyoka Zulfikar. "Umesemaje, mwanangu?"

"Nimeshiba, baba."

Jamani, furaha iliyokuwepo! Gulbanu alimkumbatia mtoto, akalia, akakimbilia simu kuwaita mawifi zake Harrow. "Anasema! Nasrin anasema Kiswahili, wallahi, kama katoka Mjini jana!" Miaka minane walikuwa wamembembeleza, wamemhonga chokoleti, wamemfokea. Sasa alikuwa anatiririka. Protas peke yake ndiye aliyeona kuwa mtoto anaposema, midomo yake inachelewa kidogo nyuma ya sauti.

Jumamosi asubuhi Nasrin alionja uji, akautema juu ya kitambaa cha meza.

"Uji gani huu, mwanamke? Makohozi haya. Hivi ndivyo wanavyokaribishwa wageni kwenu?"

Ilikuwa sauti ya mzee. Hakuna aliyepiga simu Harrow.

Saa tisa mchana Protas alimtafuta mtoto, akamkuta chini ya ngazi, amepiga magoti gizani na bastola mikononi, anaulamba mtutu wake taratibu kwa ulimi mzima kama mtoto anavyolamba barafu ya kijiti, ute wa kahawia ukimchuruzika kidevuni na kuingia kwenye kola ya sweta la shule, na alipoona kivuli cha mtu hakushtuka wala hakuacha, ila alinyanyua macho na kutabasamu kwa meno ambayo yote yalikuwa yamepakwa ile rangi. Protas alitapika pale pale kwenye zulia.

"Bwana Zulfi! Njoo! Njoo upesi!"

Zulfikar alikuja mbio. "Nasrin, give that to Daddy. Good girl. Lete."

"Huna adabu," alisema mzee aliyekuwa mdomoni mwa mtoto. "Unamnyang'anya mgeni nguo yake?"

Akafyatua. Ile ile iliyogoma mara sita kwa gunia la dengu ilinguruma kwenye ujia ule mwembamba hadi vumbi likaanguka darini, na risasi ikapita karibu na sikio la Zulfikar, ikazama ukutani. Mtoto alinusa moshi, akakunja uso kwa raha.

"Zimebaki tano," alisema. "Na nyumba ina watu wanne. Zitatosha."

Polisi? Waambiwe nini? Kwamba mtoto wa miaka minane ana bastola haramu aliyonunua babake, na anasema kwa sauti ya babu? Wangemchukua mtoto siku hiyo hiyo, tena na huyo mgeni akiwa ndani yake. Gulbanu alisema hivyo, na kwa mara ya kwanza mumewe hakubisha. Nasrin alipopanda mwenyewe chumbani na bastola yake, walimfungia kwa nje, maana hakuna aliyethubutu kuigusa. Usiku kucha walilala wote watatu kwenye ghala, nyuma ya magunia ya mchele.

Jumapili mchana alifika Maalim Faki kutoka Harrow, msomaji wa dua aliyeitwa na Gulbanu kupitia mawifi zake. Mtu wa Pemba, mkonda, aliyekuwa akiosha vyombo jikoni kwenye hospitali moja. Alikuja amevaa koti la mvua na viatu vya kazini vyenye harufu ya sabuni. Protas, Mkatoliki na msomi, alitaka kumdharau akashindwa.

"Shikamoo, Maalim," alisema.

"Marahaba. Nani aliyemjibu hodi huyo mgeni?"

Walitazamana. "Mie," Gulbanu alisema.

Maalim alipanda ngazi, akakaa nje ya mlango wa chumba, akasalimu. Kutoka ndani ile sauti ikamjibu kwa adabu zote, ikaulizia hata habari za Wete. Walizungumza kwa muda. Aliporudi chini, Maalim alikuwa na jasho kwenye mdomo wa juu.

"Huyo hafukuziki," alisema. "Angevamia ningemtoa kwa kisomo cha Kurani. Lakini huyu kapiga hodi na kakaribishwa. Ana haki. Mkiitupa bastola mtoni yeye atabaki kwa mtoto."

"Sasa tufanye nini, Maalim?" Zulfikar alikuwa analia. "Nichukue mimi. Mwambie anichukue mimi."

"Wewe ulimkaribisha? Mgeni akiondoka, mwenyeji humsindikiza. Mama mtoto ataichukua bastola, atatembea naye. Asimwache njiani. Yeye mwenyewe mgeni ndiye atakayesema, inatosha, rudi nyumbani. Akisema hivyo tu, bibi, weka kitu chini, geuka, usitazame nyuma. Ukigeuka kabla, atageuka nawe."

"Na akisema nirudi, nisiporudi?" Gulbanu aliuliza.

Maalim alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kijinga. "Kwa nini usirudi?"

Gulbanu aliingia chumbani. Walimsikia akisema kwa sauti ya ukaribisho, ile ya barazani, "Haya, bwana mgeni, twende nikusindikize." Akatoka na mfuko wa kununulia vitu, taulo la bata likichungulia. Alipopita kizingiti cha duka, Nasrin huko juu alianguka, akatapika ute wa kahawia beseni zima, kisha akasema kwa sauti yake nyembamba, "Daddy, it stinks in here." Zulfikar alimkumbatia na matapishi yake yote, akimbusu, akisema, "Say it again, mama. Sema tena kwa Kiingereza."

Protas alimfuata Gulbanu kwa hatua thelathini nyuma.

Walipita Kilburn High Road chini ya taa za Krismasi, wakapanda Willesden, na giza la saa kumi likaanguka. Watu waliokuwa wakikutana na Gulbanu walikunja nyuso na kuvuka barabara. Hata Protas kule nyuma alikuwa akipumua kupitia shali. Walipofika Neasden Gulbanu alianza kumjibu mgeni. Alisema, "Ndiyo, pale penye duka la kahawa." Alisema, "Hasha, ule mlango haukuwa wa bluu." Kisha akacheka. Miaka miwili Protas ameishi kwao, hakuwahi kumsikia akicheka namna ile, kicheko cha msichana aliyekaa na watu wake.

Walivuka North Circular, magari yakinguruma, wakateremka hadi ukingoni mwa bwawa la Brent, penye matope na bata waliolala. Hapo Protas akaisikia sauti yenyewe, wazi, ikitoka mfukoni.

"Babako nilikutana naye. Januari ile. Nilikuwa kiunoni mwa mtu."

Gulbanu alisimama. Babake alitolewa nyumbani alfajiri moja ya mwaka sitini na nne kwenda kuulizwa maswali, na hakuna barua wala mtu aliyewahi kusema alizikwa wapi.

"Alisema maneno," sauti iliendelea. "Mwishoni. Lakini tumefika mbali, mama, na baridi hii. Inatosha. Rudi nyumbani."

Protas alishusha shali mdomoni. "Dada!" alipiga kelele. "Kasema! Kashasema! Iweke chini, twende!"

Gulbanu hakugeuka. Alikuwa ameingiza mkono mfukoni, na taulo likaanguka topeni.

"Bado," alimwambia mgeni. "Nitakufikisha mbele kidogo. Alisema maneno gani?"

Protas alianza kukimbia, na matope yakamshika, akaanguka, akainuka, akaona chini ya taa moja ya barabara mwanamke yule aliyekuwa akisafisha bamia kwa kisu kidogo kila Jumapili na kuimba puani, akiinua kile chuma kinachochuruzika usaha, akiupangusa mtutu wake kwa kiganja kama mtu anavyopangusa simu ya kibandani kabla ya kuisemea, akisogeza ushungi pembeni, akiuweka mtutu sikioni.

"Dada Gulbanu! Nasrin yuko nyumbani! Mtoto kapona!"

"Shh, Protas," alisema bila kumtazama, ute ukimteremka shingoni, uso wake umetulia. "Anasema kwa sauti ndogo."

Na kidole chake, polepole, kikapata mahali pa kukaa.