Bibi Amefunga

Kila siku ya Ramadhani, baada ya adhana ya Adhuhuri, Bibi Mwanamize alijiinua taratibu kwenye kiti, akajitanda kanga yake vizuri, kisha akamkabidhi Anfal duka.

Halikuwa duka kubwa. Lilikuwa fremu moja nyembamba katika Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo, iliyobanwa kati ya muuza mapazia na Zakayo, muuza vifuniko vya simu. Lakini harufu yake ilitoka nje ikawakamata watu njiani. Bibi aliuza ubani, marashi na hasa udi wa kupika. Huo aliupika mwenyewe kwa sukari, vipande vya udi na mafuta mazuri ambayo majina yake hakumtajia mtu yeyote, hata wanawe wa kuwazaa. Watu wengi walitaka udi huo kwa ajili ya Idd. Faida ya mwezi mmoja wa Ramadhani ndiyo iliyoliweka duka hai mwaka mzima.

"Kaa hapa mpaka nirudi Alasiri," Bibi alisema. "Mteja akija msalimie, mwoneshe, mfungie mzigo wake. Usitoke."

"Sawa, Bibi."

Anfal, mjukuu wake, alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Alisoma zamu ya asubuhi, na mchana alikaa dukani. Kwa kweli alikaa siku nne za mwanzo tu. Siku ya tano, njaa ilimkaba, duka likawa kimya, na upande wa pili wa barabara zilisikika kelele za watoto kutoka kwa Beno.

Beno, kijana aliyetoka Songea, alikuwa na chumba cha gemu chenye televisheni mbili na pedi nne za kuchezea, moja ikiwa imefungwa kwa gundi. Anfal alikuwa hodari wa gemu ya mpira. Wavulana wakubwa kuliko yeye walitafuta visingizio wasipangwe naye. Basi siku hiyo aliuvuta mlango wa duka, akatia komeo, akavuka barabara. Alijiambia atacheza mechi moja tu. Nadhani unajua mechi moja tu huwa ngapi.

Aliyekuwa akipenda mahali hapo kama watoto alikuwa Bwana Duarte, mhandisi kutoka Ureno aliyekuja kufunga lifti kwenye maghorofa mapya ya Kariakoo. Watoto walimwita Anko Duwati. Wageni wenzake, siku ya mapumziko, walikwenda ufukweni. Yeye alivua viatu mlangoni kwa Beno, akaketi kwenye mkeka, akafungwa mabao matano na mtoto wa darasa la tatu, akacheka sana. Kiswahili chake chote alikiokota hapo.

Akishachoka kufungwa, alizunguka mtaani kutazama biashara ndogo ndogo: fundi viatu, mchonga mihuri, msaga viungo. Aliwapiga picha, akawauliza maswali, kisha akaandika habari zao kwenye ukurasa wake wa mtandaoni. Ukurasa huo ulikuwa na mambo mawili tu, gemu anazocheza na biashara za mtaani anazozipenda, lakini ulisomwa na watu wengi. Mwaka uliopita aliandika kuhusu Bibi Mwanamize, na Ramadhani hiyo wanawake wa Mbezi, Tabata na Kigamboni walikuja Mkunguni na simu mkononi wakiulizia udi wa Bibi.

Siku hiyo ya tano, Duarte aliingia kwa Beno akiwa amebeba begi.

"Anfal, mambo?"

"Poa, Anko Duwati."

"Nimepita duka la Bibi. Mlango hauko wazi. Bibi amefunga?"

Anfal alikuwa dakika ya themanini na nane, mabao mawili kwa mawili. Hakuinua macho.

"Amefunga."

"Mwaka jana hakufunga."

"Mwaka jana alikuwa anaumwa, daktari alimkataza. Mwaka huu amefunga mwezi mzima."

"Mwezi mzima?" Duarte aliuliza kwa mshangao. "Mpaka Idd?"

"Mpaka Idd. Subiri kidogo, Anko, nafunga hapa... Nimefungaaa!"

Watoto walishangilia. Duarte alitikisa kichwa kwa masikitiko, akaandika kitu kwenye simu yake.

"Mwambie Bibi pole sana," alisema. "Mimi leo nasafiri, naenda likizo nyumbani."

Anfal alidhani ni pole ya njaa. Alisema ahsante, akaanza mechi nyingine.

Wiki ya pili ikaisha. Bibi alikuwa amejaza masinia matatu ya udi, akaukata vipande, akaupanga kwenye makopo. Wateja wa mtaani walikuja mmoja mmoja kama kawaida yao. Wale wa mbali hawakuonekana. Kila gari lililopunguza mwendo mbele ya duka lilimfanya Bibi ajiweke sawa kwenye kiti, na kila lilipopita aliangalia makopo yake.

"Anfal, hebu nusa huu," alisema siku moja, akimpa kipande cha udi. Mchana hakufukiza, kwa kuwa alichelea moshi usije ukamharibia saumu. "Unanukia kama zamani?"

Anfal alikuwa na haraka ya kubaki peke yake ili avuke barabara. Hakunusa hata kidogo.

"Unanukia, Bibi."

Bibi aliunusa tena mwenyewe, mara tatu, akaurudisha kwenye kopo.

Siku ya kumi na nane, simu ya Bibi iliita. Ilikuwa simu ndogo ya vitufe, yenye sauti kubwa kiasi kwamba hata Zakayo alisikia mazungumzo yote akiwa dukani kwake. Aliyepiga alikuwa Sofia, mteja wa Mbezi.

"Shikamoo, Bi Mwanamize."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Eti ni kweli umefunga?"

"Alhamdulillahi, nimefunga!"

"Mwezi mzima?"

"Mwezi mzima, Mungu akinijalia. Mwaka jana ugonjwa ulinizuia."

"Haya, pumzika Bibi. Nitakutafuta baada ya Idd, usijisumbue."

Simu ikakatika. Bibi aliitazama.

"Huyu ni wa nne," alisema. "Wote wananiuliza kama nimefunga, kisha wananiaga. Hakuna anayetaja udi." Alijaribu kucheka. "Watu wamekuwa wacha Mungu mwaka huu." Kisha kicheko kikamwisha. "Au wananionea haya. Wameona udi wangu umeharibika, hawataki kuniambia. Tangu ule ugonjwa pua yangu imekufa, Anfal. Napika kitu nisichokijua."

Anfal alimkumbuka Duarte. Amefunga. Mwezi mzima. Mpaka Idd. Maneno yake yote yalimrudia, na mlango wenye komeo akauona.

Alipopata nafasi alikimbia kwa Beno. Hakwenda kucheza. Beno alifungua ukurasa wa Duarte kwenye simu yake, akasoma habari ya Kiingereza kidogo kidogo, akamtafsiria. "Habari ya kusikitisha. Duka la udi la Bi Mwanamize limefungwa mwezi wote wa Ramadhani, mpaka Idd. Mjukuu wake amenihakikishia. Tusimsumbue."

"Futa, kaka Beno! Futa hapo!"

"Siwezi. Ukurasa ni wake. Mwenyewe tu ndiye anayeweza."

Walimpigia Duarte. Simu ilisema haipatikani, kwa kuwa namba yake ya hapa aliizima alipopanda ndege. Beno akaandika maoni chini ya habari ile: duka liko wazi. Maoni yale yalibaki pale, hayakujibiwa na mtu.

"Mwambie Bibi yako," Beno alisema.

"Nitamwambiaje? Atauliza mlango ulikuwa umefungwa kwa nini."

Beno aliirudisha simu mfukoni.

Siku zilizofuata Anfal hakuvuka tena barabara. Alikaa dukani kuanzia Adhuhuri mpaka Alasiri, mlango wazi kabisa, akiwatumbulia macho wapita njia. Aliona aibu na alichoka. Kila jioni aliomba Duarte arudi, afute maneno yale, mambo yaishe bila yeye kusema kitu. Huo ndio uliokuwa mpango wake wote.

Siku ya ishirini na mbili Zakayo aliingia dukani na utepe wa kupimia. Akapima ukuta wa kushoto, akapima ukuta wa kulia.

"Anko Zakayo, unapima nini?"

"Bibi hajakwambia? Ananiachia fremu baada ya Idd. Nitatoboa hapa katikati."

Anfal alimgeukia Bibi, aliyekuwa akifunika makopo yake kwa gazeti.

"Nitakwenda Tanga kwa ami yako Azzan," Bibi alisema bila kumtazama. "Mpishi wa udi asiye na pua anakaa Kariakoo kufanya nini? Masufuria atachukua anayeyataka."

Tangu alipokuwa mdogo Anfal alilala chumba kimoja na Bibi. Hakuwahi kulala usiku bila kusikia tasbihi yake ikigongana gizani. Alimwona Bibi akilikunja gazeti lile juu ya makopo, akaona kwamba Duarte akirudi baada ya Idd atakuta vifuniko vya simu.

"Bibi, pua yako nzima."

"Nyamaza, mwanangu. Usinifariji."

"Sikufariji! Ni mimi, Bibi. Ni mimi niliyesema umefunga."

Akaeleza yote, akilia kwa kwikwi: komeo, gemu, swali la Duarte, jibu lake, ukurasa, maoni ya Beno. Akasema pia kwamba siku ile alipopewa udi anuse, hakuunusa. Zakayo alisimama na utepe wake unaning'inia, hajui atoke au abaki.

Bibi aliketi. Anfal akangoja kofi, au maneno makali, au vyote viwili.

"Kwa hiyo," Bibi alisema mwishowe, "udi wangu haujaharibika?"

"Haujaharibika, Bibi."

"Hakuna mtu aliyeukataa?"

"Hakuna. Wanadhani duka ndilo limefungwa."

Bibi alijifunika uso kwa ncha ya kanga. Mabega yake yalitikisika, na kwa kitambo Anfal hakujua kama analia au anacheka. Nadhani alikuwa akifanya yote mawili.

"Zakayo, mwanangu," alisema akijifuta macho, "kunja utepe wako. Nisamehe, fremu siitoi."

"Hamna shida, Bibi," Zakayo alijibu, ingawa uso wake ulionesha ipo kidogo.

Mchana huo Bibi hakwenda kupumzika. Alimpa Anfal ile simu ya vitufe.

"Wapigie wote walionipigia. Usiseme Bibi amefunga, wala hajafunga. Sema jambo zima, mpaka mtu aelewe."

Anfal alipiga, mmoja baada ya mwingine. "Shikamoo. Bibi amefunga saumu. Duka hajafunga, liko wazi. Kosa lilikuwa langu." Mara ya kwanza aliharakisha maneno mpaka akaombwa arudie. Mara ya nne hakuharakisha. Kisha akachukua kadibodi la boksi la Zakayo, akaandika kwa kalamu nene na kulitundika mlangoni: BIBI AMEFUNGA. DUKA LIKO WAZI. Wapagazi waliokuwa wakipita na mizigo kichwani walilisoma kwa sauti, wakacheka.

Sofia alikuja kesho yake na dada zake wawili. Wengine hawakuja. Walikwisha kununua udi kwingine, na hilo halikuwa na dawa. Siku ya ishirini na saba Duarte alirudi, akayaona maoni ya Beno, akaja mbio hadi dukani akiwa bado na begi mgongoni. Bibi alimweleza.

"Lakini kufunga ni goli," Duarte alisema kwa huzuni. "Na kufunga ni mlango."

"Na ni saumu, na ni mzigo, na ni hizo lifti zako," Bibi alimjibu. "Wewe huna kosa, mwanangu. Uliuliza. Asiyeinua macho ndiye aliyekosea."

Duarte aliandika upya pale pale, amesimama. Wateja wakaongezeka siku mbili za mwisho. Hata hivyo Idd iliingia likiwa limebaki sinia moja zima la udi, na Bibi alisema mwaka huo watabana matumizi.

Asubuhi ya Idd, Bibi aliwasha mkaa kwenye chetezo, akamwita Anfal aliyekuwa amevaa gauni la mwaka jana. La mwaka huu halikununuliwa, na hakuuliza kwa nini.

"Nilikuwa nasubiri saumu iishe nikwambie," Bibi alisema. "Ulijibu neno moja bila kufikiri. Hilo ni kosa la mtu yeyote, hata mimi nimelifanya, nilipomjibu Sofia nimefunga. Lakini baadaye ulijua, ukanyamaza siku nne, ukinitazama nikiilaumu pua yangu. Hapo hukusema uongo hata mmoja, Anfal, na bado ulinidanganya kila siku. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Kosa la siku moja tungelirekebisha kwa simu moja."

"Nimekusikia, Bibi. Nisamehe."

"Nimekusamehe tangu siku ile. Tangu leo, Adhuhuri mpaka Alasiri duka ni lako, mpaka shule ifungwe."

"Ifungwe" ile iliwafanya wote wawili wacheke.

Bibi akaweka kipande cha udi juu ya kaa. Moshi mwembamba ukapanda. Akamsogezea chetezo karibu.

"Haya. Niambie kweli."

Anfal alifumba macho, akavuta harufu taratibu, akaiacha imfike. Ilikuwa nzuri. Lakini kulikuwa na kitu.

"Bibi, marashi yamezidi kidogo."

Bibi Mwanamize aliinama, akanusa, akatulia, akanusa tena.

"Yamezidi," alisema, na uso wake ukang'aa. "Wallahi yamezidi. Lete lile sufuria."