Amri Isiyorudiwa

Mezani, wakati wa chakula cha mchana, Meja mstaafu alimwomba mkewe chumvi. Mkewe akamtazama, akasema kwa sauti kavu, "Nipe chumvi." Kisha akatulia, mikono mapajani, kama mtu anayengoja.

Meja alicheka. Katika ndoa yao mwenye utani alikuwa mwanamke. Akaomba tena, akarudishiwa maneno yake vilevile. Binti yao, muuguzi aliyekuwa mapumzikoni siku hiyo, akamuuliza mama kama anaumwa, asijibiwe. Ndipo Meja, kwa mazoea ya kazi yake ya zamani, akasema, "Sahihi." Mkono wa mkewe ukainuka, ukamsogezea kibakuli cha chumvi.

Meja alikuwa mtu wa mizinga. Katika kazi hiyo mkuu hutaja kwenye redio mahali pa kulenga, anayepokea hurudia neno kwa neno, na mkuu akiona hakuna kosa hujibu "sahihi." Hapo tu kombora huondoka. Wageni wote wa nyumba hiyo walikwisha kusimuliwa hayo. Wasilosimuliwa ni siku ile ya vita makombora yalipowaangukia askari wa kikosi chake mwenyewe. Mahakama ya kijeshi ilitaka kujua nani awajibike, na yeye, wakati huo akiwa kapteni, alieleza kwamba koplo wa redio upande wa mizinga alisikia vibaya na kwa uvivu hakurudia. Koplo alifungwa, akafia gerezani. Kapteni akawa meja.

Siku zilizofuata mama hakusema lolote ila maneno ya mumewe, na hakula wala kulala mpaka athibitishiwe. Alikonda mashavu yakabonyea. Kabati la nguo likaanza kunuka baruti na udongo mbichi. Ukutani mlitoka mvumo mwembamba, kama wa redio iliyoachwa wazi. Binti alipotaka kumpeleka mama hospitali, miguu ya mama iliganda kizingitini kama iliyopigwa misumari. Na asubuhi moja Meja, akiwa peke yake ukumbini, alishika kitasa cha mlango wa mbele kikakataa kuzunguka, akanong'ona kwamba anataka kutoka, na kutoka kwenye tundu la ufunguo, karibu kabisa na vidole vyake, sauti ya kijana ikamrudishia maneno hayo taratibu, bila hasira, ikanyamaza ikimngoja, na sauti ile aliijua.

"Sahihi," akasema. Mlango ukafunguka.

Binti akamleta mganga, mwanamke wa makamo mwenye mkoba wa shuleni begani. Alinusa pembe za sebule, akafungua kabati, akalifunga haraka. Hakuwasha chochote.

"Huyu hafukuziki kwa moshi," alisema kwa sauti ya chini. "Ni jini la selo. Kuna kijana alifungwa hana wa kumsikiliza, likamsikiliza lenyewe. Sasa limeleta maneno yake. Aitwe mwenye haki ya kuyasikia, la sivyo mama huyu atakauka tukimwangalia."

Meja alisema hamjui mtu wa namna hiyo. Binti alimjua kutokana na habari za kesi ile. Koplo aliacha dada mmoja, mshonaji, ambaye wateja walimkimbia kwa sababu ndugu yake aliua wenzake. Binti akaenda kumwita. Mshonaji alikuja na utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni, akakaa ukingoni mwa kiti.

Hapo mama akafumbua kinywa, na sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Bonde la mashariki, kando ya kisima. Thibitisha, mkuu."

Mshonaji akauma utepe ule asilie.

"Baba," binti aliuliza, "kisimani walikuwa nani?"

Meja alisema adui alikuwa bonde la magharibi. Kisimani walikuwa vijana wake, wakichota maji.

"Sasa nani alitaja mashariki?"

Alijibu kwamba mahakama ilikwisha kuamua na hilo faili lilifungwa.

"Mkuu," mganga alisema, "neno moja tu. Amri ilikuwa hiyo, au siyo?"

"Bonde la mashariki," mama alirudia, midomo ikimpasuka, "kando ya kisima, thibitisha, mkuu, bonde la mashariki, kando ya kisima," na mvumo wa ukutani ukapanda mpaka vikombe vikatetemeka kwenye kabati la vyombo, na harufu ya baruti ikawakaba koo, na Meja, ambaye miaka yote hiyo hakuwahi kupandisha sauti ndani ya nyumba, akasimama wima kama aliyeshika redio mkononi.

"Acha kurudia! Piga!"

Mvumo ukakatika.

Mama akapumua. Akatazama wageni, akauliza kwa sauti yake mwenyewe mbona hawajapewa hata maji.

"Kumbe alikuwa anarudia," mshonaji alisema polepole. "Ukamkatiza."

Binti alimwinua mama. Alimwambia mshonaji kwamba aliyoyasikia leo atayasema yeye mwenyewe mahakamani kulekule uongo ulikosemewa, hata kama ni baba yake. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Wanawake wanne walitoka kwenye jua. Meja aliwafuata, akafika kizingitini, na mlango ukajifunga mbele ya pua yake.

"Fungua," akasema.

"Fungua," sauti ya kijana ikarudia ndani ya tundu la ufunguo. Kisha, kwa upole uleule, ikaongeza ambayo hakuyasema: "Nyumba ya ukuta wa kijani, mkabala na shule. Ukumbini, nyuma ya mlango. Mtu mmoja. Thibitisha, mkuu."

Palipotajwa ni hapo aliposimama, bila kosa hata moja. Nje binti alikuwa akigonga kwa ngumi zote mbili, akimlilia baba aseme lile neno mlango ufunguke. Meja aliziba mdomo wake kwa viganja vyote viwili.

Sauti ilingoja. Haikuwa na haraka.