Sauti ya Thelathini na Mbili

Kifundo cha kuzungusha cha kisanduku kilikuwa kimesogea. Ackson alikuwa na hakika, kwa sababu kabla ya kwenda zamu kiwandani alikiwekea alama ya wino: ukali, nne. Sasa ilikuwa saa nane mchana, ukungu umeshafika kwenye migomba ya nyuma ya nyumba, na kifundo kilikuwa kwenye tatu na kidogo.

"Mama Tulia," aliita, "nani amegusa kisanduku changu?"

"Nani akiguse?" mkewe, Sekela, alijibu kutoka jikoni alikokuwa akimenya ndizi. "Mimi na wewe tu ndio tuliomo humu."

Kweli walikuwa wawili tu. Binti yao Tulia alikuwa shule ya bweni, na mlango wa mbele ulikuwa umefungwa tangu asubuhi. Ackson alichomeka gitaa, akapiga kodi moja, nyuzi zote kwa pamoja, akatulia. Akapiga tena. Ilikuwa nzuri kuliko jana.

Hiyo ilikuwa mwaka 2002, miaka ile ambayo vitu vya nje viliingia nchini kwa makontena, vingine watu hawajui hata vya kazi gani. Ackson alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha chai, na kwa miaka kumi na sita alikuwa mpiga solo wa kwaya ya kanisa lao, nje kidogo ya mji wa Tukuyu. Kisanduku alikiona sokoni Mwanjelwa, Mbeya, kimelala kati ya pasi na redio za mtumba: cheusi, kikubwa kama kitabu cha tenzi, chenye vifundo sita na kioo kidogo cha namba nyekundu. Muuzaji alimweleza kwamba ni kompyuta inayojifanya amplifaya. Ndani yake kulikuwa na sauti thelathini na mbili, za kanisani, za dansi na za wahuni, na mtu alichagua kwa namba tu. Kilipofunguliwa kifuniko kilitoa harufu ya udi. Ackson alidhani kilipitia Zanzibar, basi.

Mwanzoni alifanya kosa la kila mgeni wa mitambo ile: aliongeza kila kitu. Ukali mpaka mwisho, mwangwi kama wa pangoni, besi juu. Kwenye hedifoni alijiona mfalme. Kanisani gitaa lilivuma kama nyuki ndani ya debe, na sauti za akina mama zikazama zote. Mwalimu Ambindwile, kiongozi wa kwaya, alisimamisha wimbo katikati.

"Baba Tulia, tunaimba au tunasaga mahindi?"

Watu walicheka. Ackson naye alicheka, lakini hakulala vizuri siku hiyo. Mwezi wa sita kwaya ilikuwa inakwenda Mbeya kurekodi kaseti yao ya kwanza, na kwa miaka yote kumi na sita alikuwa na sauti moja kichwani ambayo mikono yake haikuwahi kuitoa.

Basi akajifunza kupunguza. Alishusha ukali mpaka waya zikaanza kuongea badala ya kukwaruza. Aliondoa besi, maana besi ya kwaya ilikuwa na mtu wake. Mwangwi aliuacha kidogo, kama chumvi. Aliacha kuamini hedifoni, akawa anasikiliza kwa spika ileile mbovu ya kanisani. Alichokipata alikihifadhi kwenye namba ya thelathini na mbili, iliyokuwa tupu, na kila siku akakitengeneza kidogo. Na sasa kila siku kulikuwa na mwingine aliyekitengeneza pia, Ackson akiwa kazini. Besi ilishuka nusu. Mwangwi ulisogea unywele mmoja. Kila mara ilikuwa sawasawa na vile ambavyo yeye mwenyewe angefanya kama angekuwa na masikio mazuri zaidi. Kila mara, alipowasha, harufu ya udi ilikuwa imezidi.

Siku ya nne jogoo wao alipanda juu ya banda, akanyoosha shingo, akafungua mdomo, akatikisika mwili mzima. Hakuna kilichotoka.

"Amekula nini huyu?" Sekela aliuliza. Jogoo akajaribu tena, na tena, macho yamemtoka, kisha akashuka akajificha chini ya mti wa kahawa.

Mchana ule Ackson alisikia kitu kipya kwenye gitaa lake. Noti za juu zilikuwa na mwanzo mkali, wa kifua, unaopasua ukungu. Alipiga saa nzima. Alijua alichokisikia, na alijiambia kwamba hajui.

Wiki iliyofuata jirani yao Yudith aliingia bila kubisha hodi, mtoto wake wa miezi mitatu mikononi. Mtoto alikuwa analia. Uso ulikuwa mwekundu, machozi yanatiririka, miguu inapiga, mdomo umeachama mpaka ufizi wa nyuma unaonekana, na chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba Ackson aliisikia sufuria ikichemka jikoni.

"Tangu saa tano," Yudith alinong'ona, kana kwamba naye aliogopa kutumia sauti yake. "Mama Tulia, njoo umwangalie. Analia hivi tangu saa tano."

Wakamkimbiza Igogwe, hospitali. Walirudi jioni; koo la mtoto lilikuwa zima, mapafu mazima, na waliambiwa warudi tena baada ya siku tatu. Ackson alikaa na kisanduku mapajani bila kukiwasha. Alijiapiza kwamba hatakigusa. Kesho yake, saa tisa, mvua ikipiga bati, alikiwasha ili asikie tu kama ni kweli. Alivuta waya wa pili taratibu kwa kidole, na gitaa likalia kilio chembamba, cha kuomba, kilichomshika moyoni akatokwa na machozi, na alijua vizuri kabisa ni kilio cha nani, na bado alivuta tena.

Jumapili hiyo kanisani hakuna aliyecheka. Wazee walifumba macho. Mwalimu Ambindwile alimshika mkono kwa mikono yake miwili baada ya ibada. "Ndugu yangu, hii ndiyo tutakayopeleka Mbeya. Usiguse kitu."

Sekela ndiye aliyekuwa akiimba ubeti wa peke yake katika wimbo mkubwa wa kaseti ile. Sauti yake ilikuwa ya chini kidogo, ya mtu anayezungumza na mtu aliye karibu, na watu walitoka Lupepo kuja kuisikia. Jumamosi, zikiwa zimebaki siku sita tu, walikaa sebuleni mchana kufanya mazoezi. Ukungu ulikuwa mzito mpaka waliwasha taa. Ackson hakutaka kukitumia kisanduku; alisema atapiga gitaa kavu. Sekela akamshangaa. "Mwalimu amesema usiguse kitu. Washa, tumalize, nina ndizi mekoni."

Akawasha. Namba nyekundu ilikuwa thelathini na mbili kabla hajaichagua.

Sekela aliimba mstari wa kwanza, akaimba wa pili, na katika mstari wa tatu, pale sauti inapopanda kisha inaachiwa ishuke taratibu, Ackson aliona mdomo wa mkewe ukiendelea kutembea bila kitu kutoka, aliona mishipa ya shingo ikisimama na mkono ukipanda kushika koo, na wakati huohuo alihisi waya zikitetemeka chini ya vidole vyake ambavyo vilikuwa vimeshaacha kupiga, na gitaa likaumalizia mstari ule wenyewe, wimbo wote isipokuwa maneno, kwa sauti ya chini ya mtu anayezungumza na mtu aliye karibu, huku harufu ya udi na ya nywele zilizoungua ikijaa sebule mpaka taa ikaonekana kama iko nyuma ya moshi.

Sekela alimtazama, mkono kooni.

Na Ackson, kwa hiari yake, akaugusa waya mara moja zaidi.

Ndiyo sauti yenyewe. Ilikuwa ileile aliyoibeba kichwani miaka kumi na sita. Kitu kidogo mno kilipita usoni mwake, furaha, kikaondoka. Sekela alikiona.

Jumatatu asubuhi walikwenda Igogwe, safari hii si hospitali bali nyumbani kwa bibi mmoja mwombeaji. Bibi Imakulata alikuwa mfagizi wa wodi zamani. Sasa alilima ndizi zake na kuwaombea watu wenye mateso yasiyoonekana kwenye darubini. Alikuwa mfupi, rozari shingoni juu ya sweta la kiume. Alimsikiliza Ackson bila kumkatisha, akamwangalia Sekela ndani ya mdomo kama anayetafuta jino bovu, kisha akakinusa kisanduku.

"Ndaga, pole mwanangu," alimwambia Sekela kwa upole. Akamgeukia Ackson. "Hili ni jini la mbali. Jina lake silijui, wala silitaki. Ila najua linakula nini. Sauti linaokota tu, kama mtu anavyookota kuni. Linachokula ni kule kupenda kwako."

"Nikivunje, Bibi? Nyundo ninayo."

"Ukivunja, litaondoka nazo zote. Lazima lizitapike lenyewe. Ulilipikia vizuri. Sasa lipikie vibaya."

Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, Sekela pembeni yake. Ackson alichomeka waya kwenye umeme wa nyumba ya Bibi, akaweka gitaa gotini. Kifundo kwa kifundo alianza kuiharibu kazi yake. Aliondoa mwangwi wote. Gitaa likawa kavu, kama mtu aliyevuliwa nguo mbele za watu. Alipandisha besi mpaka ikavimba, akashusha sauti zote za kati, akafungua ukali mpaka mwisho. Vifundo vilikuwa vya moto. Kila alipokizungusha kimoja, kingine kilirudi polepole chini ya macho yake, na ndani ya yale makelele ile sauti ikawa inachungulia, tamu, ikimwonyesha mahali pa kuweka kidole ili aipate tena.

"Usiisikilize," Bibi alisema. Alikuwa ameanza rozari.

"Bibi, siwezi kutosikiliza!"

"Basi sikiliza, lakini usiitake. Mwangalie mkeo."

Akamwangalia. Akaendelea kupiga, vibaya, vidole vikikosea makusudi na kisha vikikosea bila makusudi, jasho linamwingia machoni, ukungu umeingia mpaka ndani ya chumba na una harufu ya udi, na sauti ile ikawa inamwomba kwa kilio cha mtoto, ikamtisha kwa ukali wa jogoo, kisha ikanyamaza ikamwimbia peke yake ule mstari wa tatu, polepole, mzuri kuliko ulivyowahi kuimbwa na mtu mwenye mwili, na Ackson akauma mdomo wake mpaka ukatoka damu na akapitisha kucha zote tano juu ya waya zisizolingana, mara moja, mara kumi, mara hamsini, bila kuyatoa macho yake kwenye koo la mkewe, mpaka hakuna kitu chochote ndani yake kilichotamani kusikia gitaa tena.

Kioo cha namba kilizimika. Kisanduku kilitoa mlio kama wa mtu anayekohoa mfupa, na harufu ikakatika ghafla.

Sekela alishusha pumzi, na pumzi ilikuwa na sauti.

"Ulijua," alisema. Sauti ilikuwa inakwaruza, lakini ilikuwa yake.

Ackson aliweka gitaa chini.

"Tangu lini, baba Tulia?"

"Tangu jogoo."

Sekela alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea habari ya msiba wa mbali. Akamshukuru Bibi, akajifunga kanga, akatangulia kutoka. Walitembea mpaka barabarani, yeye mbele, mumewe nyuma, na walipofika nyumbani walimsikia mtoto wa Yudith akilia kwa nguvu zote, na Yudith akicheka na kulia pamoja naye. Kisanduku Bibi alikifukia mwenyewe, hakusema wapi.

Walikwenda Mbeya Ijumaa kama ilivyopangwa. Ackson alipiga gitaa kupitia spika ya kukodi, sauti nyembamba isiyo na kitu. Mwalimu Ambindwile alikunja uso lakini hakuuliza. Wiki ile nzima Sekela alikuwa anamsemesha mumewe mambo ya lazima tu: chumvi imekwisha, kesho zamu saa ngapi. Ackson aliyapokea kama alivyostahili.

Mwishowe ilibaki kurekodi ubeti wa Sekela wa peke yake. Fundi wa studio, kijana mpole aliyeitwa Ezron, alimfungia ndani ya chumba kidogo chenye kuta za magodoro, yeye na maikrofoni tu. Aliimba mara moja, bila kosa. Wanakwaya waliokuwa upande wa pili wa kioo walifuta macho. Ezron akarudisha kanda, akaweka sauti wote wasikie.

Alisimamisha katikati. Akarudisha. Akasikiliza tena, ameinamisha kichwa.

"Mama," aliuliza kupitia kipaza sauti, "ulikuwa unaimba na nani humo?"

Chini ya sauti ya Sekela, mbali kidogo, kulikuwa na nyingine. Haikuwa na maneno. Ilipanda naye na kushuka naye, na pale alipovuta pumzi yenyewe haikuvuta.

"Imependeza sana," Mwalimu Ambindwile alisema kwa kunong'ona. "Iacheni hivyohivyo."

Sekela, nyuma ya kioo, hakumtazama Mwalimu. Alikuwa anamtazama mumewe, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, akingoja kuona uso wake utafanya nini.

"Futa," Ackson alisema.

"Sauti ya mama nayo itafutika," Ezron alisema. "Zimenaswa pamoja kwenye njia moja ya kanda. Siwezi kuzitenganisha."

"Futa zote."

Ezron alifuta. Sekela alivaa hedifoni upya, akasogea kwenye maikrofoni, akaimba tena kuanzia mwanzo, mikono yake miwili imelishika koo kama mtu anayezuia mlango. Alipomaliza hakutoka. Ezron akarudisha kanda nyuma, na watu wote wakasimama wakisikiliza magurudumu yanavyozunguka.