Laini Iliyokwisha Kusajiliwa

Haya yalimpata rafiki yangu mshonaji, na yeye si mtu wa kutunga maneno. Simu yake ya zamani ilikuwa imekata roho, basi mchana mmoja akamwacha binti yake mdogo nyumbani, akaenda dukani kununua nyingine. Akachagua yenye betri kubwa, akachagua na kifurushi cha mwezi, kisha akaomba laini mpya.

Muuzaji akamsogezea mashine aweke kidole. Alipoisoma, uso ukamkunjamana.

"Dada, usinichezee. Asubuhi umekuja, nimekusajilia laini, ukanitukana mbele ya watu. Sasa umefuata nini?"

"Mimi? Leo ndiyo kwanza naingia humu!"

"Muongo mkubwa we! Kidole chako hiki hapa, na picha yako hii hapa."

Kweli, pichani alikuwa yeye, na gauni lile lile alilovaa. Kabla hajajibu, umeme ukakatika. Duka lilikuwa ndani kabisa ya jengo, halina dirisha. Likawa giza totoro, feni ikazunguka polepole, ikanyamaza.

"Naipiga hiyo namba ya asubuhi sasa hivi," muuzaji akafoka gizani, akafungulia spika. "Ikilia mkobani mwako, utanitambua."

Mkoba ukabaki kimya. Simu ikaita mara nne, ikapokelewa. Mtu akapumua taratibu, kisha akasema kwa sauti ya rafiki yangu mwenyewe:

"Mwambie huyo asirudi nyumbani. Mlango nimeshaufunga."

Na nyuma ya sauti hiyo, binti yake mdogo akauliza, "Mama, unaongea na nani?"