Chinsaga kwa Wageni wa Mwanza

Jioni zote zilifanana pale kijijini Gesima. Nyamoita alitoka shule, akateka maji, akafungia kuku, akawasha moto. Alifanya yote bila kukosea na bila kuhisi lolote. Tangu nyanya yake Bathsheba azikwe, hakuwa amelia hata kidogo. Majirani walimsifu kwa kujikaza kisabuni. Laiti wangejua. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi tu.

Jioni moja mama aliweka kapu la mboga ya chinsaga miguuni pake. "Kesho wale wanafunzi kutoka Mwanza wanaoitembelea shule yenu wanakuja kula kwetu. Mboga utapika wewe. Nyanya alikufundisha wewe, si mimi."

Sasa, chinsaga si sukumawiki ya kukatakata na kukaanga chapuchapu. Huchemshwa mapema, humiminiwa maziwa, kisha hulazwa ndani ya nyungu hadi kesho yake ili ukali wake utulie. Nyamoita alilijua hilo vizuri. Lakini aliitazama nyungu ya nyanya, akashindwa kuigusa.

"Mboga iko tayari?" mama akauliza baadaye.

"Ndiyo, mama."

Uongo ulimtoka kama pumzi. Asubuhi, mama alipokwenda kuchuma majani chai, Nyamoita aliichemsha mboga mbiombio kwenye sufuria, akaitia maziwa, basi.

Wageni walifika wamechangamka. Walimega ugali wa wimbi uliopakuliwa katika kikapu, wakafundishwa kuuita obokima. Kisha wakaonja mboga, na mazungumzo yakakatika. Msichana mmoja, Laila, aliimeza kama dawa ya malaria.

"Tumeshukuru, mama," mwalimu wao, Rashad, alisema kwa adabu. "Kwetu tunaiita mgagani, ila haiwi kali hivi. Watoto, mtasimulia nyumbani kwamba Wakisii wanapenda mboga kali."

Wanafunzi wake walicheka. Nyamoita hakucheka. Kwa hiyo mapishi ya nyanya yatasemwa hivyo huko ng'ambo ya mpaka? Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, moyo wake uliuma.

"Si mboga, mwalimu," akasema. "Ni mimi. Nilimdanganya mama. Sikuilaza. Nyungu ni ya nyanya, na nyanya..." Machozi yakamwagika mbele ya wageni wote, naye hakuyafuta.

Mama aliinamisha uso kwa aibu, halafu akamvuta binti yake karibu. Laila ndiye aliyesema kwanza. "Tunaondoka kesho mchana. Nifundishe."

Wasichana hao wawili walichuma mboga nyingine shambani, wakachambua majani pamoja. Nyamoita aliishusha nyungu, akaiosha polepole, wakailaza mboga humo usiku kucha. Kesho yake wageni walipopita kuaga, walikula hadi wakaramba vidole, na Laila akaomba mbegu za kupanda kwao.

Basi lao lilipoondoka, mama aliketi kando ya Nyamoita.

"Mwanangu, huzuni si kosa. Ungeniambia, ningekaa nawe jikoni. Uongo ndio uliowaonjesha wageni kitu ambacho si chetu, na mgeni hubeba alichoonja hadi kwao. Haya, lete hiyo nyungu ya nyanya tuioshe pamoja."